Moto ukizuka kituoni, watoto watatokaje?

Hapa Tanga, Ngamiani na Makorora, kuna vituo vya kulelea watoto mchana vilivyo ndani ya nyumba za kuishi: vyumba vinatazamana, korido katikati, madirisha ya nondo, mlango mmoja wa mbele na mwingine wa uani. Maswali haya ni ya walezi na wazazi wa vituo vya aina hiyo.

Kipi cha kuogopa zaidi, moto au moshi?

Moshi. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Mtoto hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, hivyo humwathiri mapema. Moshi hutanda juu kwanza. Wafundisheni watoto kuinama na kutambaa. Kwa sababu ya hewa hiyo ya sumu, jiko la mkaa lisiingizwe chumba wanacholala, hata siku ya mvua.

Nafunga geti kwa kufuli wasikimbilie barabarani. Nakosea?

Hofu yako ni ya kweli, lakini ufunguo hupotea wakati wa taharuki. Weka komeo juu, mtu mzima afikie na mtoto asifikie. Kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani. Na tafadhali, magunia ya mkaa yaondoke kwenye mlango wa uani.

Wachanga wasiotembea tuwatoeje?

Walale chumba kilicho karibu kabisa na mlango, na kanga zitundikwe hapo hapo. Mlezi humfunga mmoja mgongoni na kubeba mwingine mikononi. Sasa hesabuni: walezi wawili wenye wachanga sita hawatoshi. Zungumzeni leo na majirani, fundi cherehani wa barazani au mama anayeuza maandazi, mkubaliane nani atakuja na atambeba nani. Kituo kisichoweza kujibu swali hili kimepokea wachanga kupita uwezo wake.

Tukishatoka nje?

Kusanyikeni mahali pamoja palipozoeleka, tuseme chini ya mwembe wa jirani, muite majina kwa daftari la mahudhurio. Daftari hilo ndilo kitu pekee cha kutoka nacho. Mtoto mdogo akiogopa hakimbii, hujificha: uvunguni, kabatini, nyuma ya pazia. Ndiyo maana msiseme "atakuwa ametoka" kabla ya kumwona. Akikosekana, waelezeni zimamoto chumba alichokuwamo. Msirudi kwenye moshi. Namba yao ni 114. Tajeni mtaa, barabara ya ngapi, na msikiti au duka linalojulikana.

Zoezi lifanywe mara ngapi?

Kila mwezi, kwa filimbi, kama mchezo. Mara nyingine lifanyeni wakati wa usingizi wa mchana, maana hapo ndipo pagumu.

Mtoto ameungua. Tumpake nini?

Msimpake kitu. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta. Mwagieni jeraha maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, huku sehemu nyingine ya mwili ikifunikwa asipate baridi. Mvueni nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Bombo. Aliyevuta moshi akawa anakohoa, sauti imekwaruza au ana masizi puani, apelekwe upesi hata kama ngozi yake haina alama.