Kila Saa Nane Ni Saa Ngapi?

Mwanafunzi wa famasia aliyeletwa kwenye dirisha letu la dawa hapa Lamu kwa mafunzo ya vitendo alimpa mama mmoja antibiotiki, akamwambia kwa adabu zote: “Mama, meza kimoja kila saa nane.” Yule mama akaitikia, akatia pakiti mkobani, akenda zake. Siku ya tatu alikuja kumchukulia mumewe dawa, nikamuuliza ile yake anaimezaje. “Saa nane mchana na saa nane usiku. Hiyo ya usiku ndiyo inayonitesa, mwanangu. Naamka kwa alamu ya simu.”

Mwanafunzi hakukosea dozi. Alivyosomeshwa ni kwamba kati ya kidonge na kidonge ipite muda wa saa nane, yaani vidonge vitatu kwa siku. Mama naye hakukosea Kiswahili. Kwa Mswahili saa nane ni saa nane, nayo huja mara mbili. Basi kwa siku tatu alimeza viwili kila siku badala ya vitatu, na dirishani sote tuliamini kazi imekwisha.

Tangu hapo mwanafunzi akifika hatuanzi na makabati ya dawa, tunaanza na saa. Aseme: kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku ukienda kulala. Ukihesabu utaona nafasi ni zile zile nane nane. Na akimkuta mzee asiyetazama saa, amtajie sala na vyakula, kisha aandike hivyo hivyo juu ya pakiti. Ile “1x3”, yaani kimoja mara tatu kwa siku, tunayoikwaruza kwa kalamu ni ya kuelewana sisi kwa sisi.

Shahada ya famasia hapa Kenya ni miaka 5, na mwaka mmoja wa mazoezi kazini juu yake. Kijana hutoka anajua dawa inavyovunjwa na ini na inavyotolewa na figo. Hayo ni ya lazima, siyabezi. Lakini mwaka 1990 Wamarekani wawili, Charles Hepler na Linda Strand, waliandika jambo lililoigeuza taaluma hii: mfamasia anawajibika kwa matokeo ya dawa katika maisha ya mgonjwa, si kwa kuikabidhi tu. Na mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani likaeleza kuwa hata katika nchi tajiri, katika wagonjwa wa maradhi ya kudumu, wanaofuata dawa zao inavyotakiwa ni kama nusu tu. Nusu, na huko karatasi za maelezo zimejaa kila boksi.

Swali tunalompiga marufuku mwanafunzi ni “Umeelewa?” Nani atamjibu mtu wa koti jeupe kuwa hakuelewa, na nyuma yake foleni inamsukuma? Badala yake aseme: “Bibi, nifanyie hisani, nieleze ukifika nyumbani utaanzaje, nijue kama nimekueleza sawasawa.” Hapo mzigo unakuwa wa mwenye kueleza. Kwa dawa ya maji ya mtoto, maneno hayatoshi. Mama apewe bomba la kupimia, avute mililita 5 mbele yetu. Kijiko cha kulia wali hubeba karibu mililita 15, na nyumbani huitwa kijiko vilevile.

Dawa ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, inahitaji maneno zaidi. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, vinne kila mara. Dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza, halafu inakuwa asubuhi na jioni. Huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta. “Chakula chenye mafuta” ni lugha ya darasani. Ukimwambia mtu wali wa nazi au glasi ya maziwa, hutamweleza mara ya pili.

Wanafunzi kutoka bara wana kazi ya ziada, na wengi huipenda. Mtu wa Lamu atasema kitwa (kichwa) chamuuma, au mato (macho) yamwasha, na kijana atamtumbulia macho. Lakini kigumu zaidi ni bahari. Mgonjwa aliyetoka kisiwa cha Pate anajua mashua yake itapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa, hayamngojei mfamasia. Una dakika mbili. Mwanafunzi ajifunze kuchagua: hii ni ya nini, utaimezaje, mpaka lini, na ukiona dalili gani urudi upesi. Mengine asimulie siku nyingine.

Ramadhani ndiyo mtihani wenyewe. Hapa karibu na ikweta saumu ni saa kumi na tatu na ushei kila mwaka, na mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi bila kula anaweza kushukiwa na sukari hadi azimie. Wengi hawasemi kama wanafunga, kwa kuogopa kukatazwa. Kwa hiyo tunataka mwanafunzi aulize yeye, tangu Shaabani, bila kukemea, kisha ampeleke mgonjwa kwa daktari dozi zipangwe upya baina ya futari na daku. Wapo ambao kufunga kwao ni hatari, na hao waambiwe wazi. Anayetumia insulini asiikate kwa hiari yake hata siku moja.

Na kuna yanayonong'onwa. Mwanamke anayetaka kuuliza juu ya uzazi wa mpango hatauliza shemeji yake akiwa nyuma yake kwenye foleni. Tumetenga pembe yenye pazia na viti viwili. Pazia ni la kitambaa tu, sauti hupita. Mwanafunzi ajue kushusha yake.

Siku ya mwisho namtahini mwenyewe. Nakaa upande wa pili wa dirisha, nimevaa kofia ya vito na kubeba mfuko wenye dawa za zamani na mpya, naitikia “naam, naam” kwa kila anachosema. Anayenipa pakiti na kuniaga amefeli. Anayesema, “Babu, hebu utoe huo mfuko tuuangalie pamoja,” namtilia sahihi.