Mlazo si kulaza herufi

Kama kuna kitufe kimoja ningeking'oa kwenye kila programu ya maandishi, ni kile cha I iliyoinama. Mtu anakibonyeza, herufi zinainama, anaondoka akiamini amepata italiki. Mara nyingi alichopata ni romani, yaani herufi za kawaida za wima, iliyosukumwa begani.

Lawama nyingine naitupia lugha yetu. Tumeziita herufi za mlazo, basi kila anayeanza usanifu anadhani kazi ni kuzilaza. Italiki ni mwandiko mwingine kabisa. Imetokana na mkono wa haraka wa waandishi wa Italia wa karne ya 15, na aliyechonga ya kwanza ya chapa ni Francesco Griffo, akimfanyia kazi mchapishaji Aldus Manutius huko Venice. Kitabu kizima cha kwanza kupigwa chapa kwa herufi hizo ni mashairi ya Virgil, 1501. Fungua picha za kurasa zake utazame: herufi ndogo zimeinama kidogo, herufi kubwa zimesimama wima kama nguzo za baraza. Italiki ya Joanna, fonti ya Eric Gill, nayo imeinama digrii 3 hivi tu, na bado hakuna anayeiita romani.

Sasa angalia maumbo. Herufi a ya romani ina ghorofa mbili. Ya italiki ni bakuli moja lenye mguu. Mkia wa f hushuka chini ya mstari. Herufi zinabanana, serifu (vile vijiti vya kwenye ncha za herufi) zinageuka kuwa mwanzo na mwisho wa mvuto wa kalamu. Lakini kiini kipo kwenye n. Kwenye romani tao lake linachipuka juu, karibu na bega la nguzo, yaani mstari wake wa wima. Kwenye italiki linaanzia chini, kwa sababu kalamu haikunyanyuliwa karatasini. Ilipanda na nguzo ile ile, ikajitenga nayo polepole. Kile kipembe chembamba cha uwazi kati ya nguzo na tao ndicho kinachoipa italiki mwendo wake. Ukiinamisha romani hata digrii 30 hakitatokea.

Kitakachotokea ni uharibifu. Kivinjari kikikosa faili la italiki husukuma romani kwa digrii 14 hivi. Nguzo ya l inavumilia. Lakini o inanenepa juu kulia na chini kushoto, inakonda kwingine, kama pete iliyokaliwa. Mgongo wa s unavimba. Kwenye A, mguu wa kushoto unalala na wa kulia unakaribia kusimama wima. Mchoraji wa fonti hurekebisha haya mkunjo kwa mkunjo. Kompyuta haina habari.

Kitufe chenyewe hakina dhambi familia nzima ya fonti ikiwa imesakinishwa. Kwenye tovuti pakia mafaili yote mawili, la wima na la italiki, kisha weka kwenye CSS <code>font-synthesis: none</code>, amri inayokikataza kivinjari kubuni italiki ya bandia. Faili likikosekana, maneno yatabaki wima na kosa utaliona mapema. Kipimo cha haraka: andika <i>wafanyakazi</i>. Kama fonti ni ya serifu na a zote nne zimebaki na ghorofa mbili, karibu kila mara umedanganywa.

Kiswahili kina mtego wake. Herufi u na n za italiki ni kama umbo moja lililopinduliwa. Andika <i>muumini</i>, hesabu mivuto ya kushuka: 14, yote sambamba, kama meno ya kitana. Kwa pointi 9 msomaji anakisia tu. Ongeza nafasi kati ya herufi, sehemu 5 hadi 10 kwa elfu za em (em moja ni sawa na ukubwa wa fonti). Ukizidisha hapo mwendo unakatika na herufi zinaonekana kama hazijuani.

Kuhusu digrii sahihi, sina jibu. Mwaka 1926 Stanley Morison, mtaalamu wa herufi za chapa, alitetea romani iliyoinamishwa kuwa mwenzi bora wa romani, na mchoraji Jan van Krimpen akaichora hivyo kwenye fonti yake ya Romulus. Naona walikosea, ila hoja yao ina uzito: italiki yenye madaha mengi katikati ya aya huvuta jicho kuliko neno lenyewe linavyostahili. Mabano yanayozunguka neno la italiki yainame au yasimame? Mimi huyaacha wima, na kila mara f ikigonga bano la kufunga najuta.

Matumizi hayana mengi: jina la kitabu, neno la kigeni (si <i>intaneti</i>, hilo lilishahamia), mkazo. Kwa kadi za harusi, EB Garamond ni ya bure na italiki yake inafuata kazi ya mchonga herufi wa zamani Robert Granjon, inatosha. Cormorant inapendeza kwenye majina ya maharusi, lakini ilichorwa kwa ukubwa wa kichwa cha habari. Ukiipeleka kwenye ukumbi na saa, kwa pointi 8, mistari yake myembamba inapotea, na kwa foili ya dhahabu hali ni mbaya zaidi: mstari ulio chini ya nusu pointi ama unakatika ama unaziba. Herufi kubwa zenye mikia, moja tu mwanzoni mwa jina. Ukiandika MWANAHAMISI yote kwa mikia, umechora ua la miiba.

Na kwenye <i>ng’ombe</i>, ritifaa iwe ile iliyopinda kama 9. Ile ya kibodi iliyonyooka hugongana na sikio la g, kile kijitawi chake cha juu kulia.