Nani kawaambia kongosho linapumzishwa kwa njaa?

Nimechoka na hili neno "kupumzisha kongosho". Mi ni mtu wa lishe, kutwa nakaa na watu waliotoka wodini kwa pankreataitisi, yaani kuvimba kongosho, wakaambiwa "zingatia mlo" bila maelezo, na karibu kila mmoja akishakaa kwenye kiti anaanza na hilohilo, eti amepunguza kula ili kongosho lipumzike. Juzi kaka mmoja kanyanyua shati anionyeshe mkanda, katoboa matundu matatu mapya kwa msumari maana suruali haikai tena, halafu ananiambia kwa fahari kabisa kwamba miezi minne hajagusa yai, samaki wala tone la mafuta, ni uji mwepesi asubuhi na supu ya mboga jioni, basi. Nikamuuliza, maumivu yameisha? Yapo. Choo kikoje? Akainama, akasema kinaelea, kimepauka, kinaacha mafuta juu ya maji na harufu yake nyumba nzima inajua.

Nikiri kwanza, hii dhana watu wa afya ndo tuliipanda. Zamani mgonjwa wa pankreataitisi ya ghafla alikuwa anafungwa mdomo, dripu tu, mpaka maumivu yaishe na lipasi ya kwenye damu (kimeng'enya cha kongosho kinachosaga mafuta) ishuke, tukiamini chakula kikiingia tu kongosho linamwaga vimeng'enya vya kusaga chakula na kujichoma upya. Baadaye ikaonekana tunawaumiza. Utumbo ukikaa mtupu ukuta wake unadhoofika, bakteria wanapata pa kupenya, na kongosho lililokwisha kuharibika ndo mahali wanapopapenda. Siku hizi shambulio likiwa jepesi, kichefuchefu kikitulia na mtu akijisikia kula, anapewa chakula mapema, mara nyingi ndani ya saa 24, tena chakula cha kutafuna chenye mafuta kidogo, wala hatusubiri lipasi irudi kawaida. Hata aliyezidiwa asiyeweza kula tunamlisha kwa mpira wa puani kabla ya kufikiria kumlisha kwa mshipa. Sasa kama wodini hatufungi, wewe nyumbani unamfungia nani?

Ukitoka na shambulio la kwanza, sawa, wiki chache za mwanzo punguza mafuta, kula kidogo kidogo, tumbo lenyewe litakuambia. Ila huyu kaka wa mkanda ana ugonjwa sugu, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Kongosho limeshajaa makovu, vimeng'enya havitoshi, anakula lakini chakula kinapita tu, yaani njaa iko ndani ya sahani. Mtu kama huyo ukimnyima na hicho kidogo unamalizia kazi ya ugonjwa. Anahitaji milo mitano sita midogo, kila mlo uwe na protini, na mafuta kiasi anachovumilia, manake vitamini A, D, E na K zinasafiri na mafuta, ukikata yote mifupa inaanza kuisha kimyakimya. Na hizi pumba na nyuzinyuzi nyingi mnazoambizana ni afya, kwake zinamshibisha bila faida na zinazuia vimeng'enya kufanya kazi. Wa kubanwa kweli kwenye mafuta ni yule ambaye chanzo chake ni trigliseraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, kupanda, hasa zaidi ya 1,000 mg/dL, na huyo anabanwa sukari na pombe pia. Usikopi mlo wake kama huna tatizo lake.

Halafu kumbe yule kaka wa mkanda kapsuli za vimeng'enya alikuwa nazo! Ziko kabatini, anameza tumbo likiuma. Jamani, hizo si dawa ya maumivu, zinafanya kazi ya kongosho, kwa hiyo zinaingia pamoja na chakula, na tonge la kwanza, mlo ukiwa mrefu unagawa nyingine katikati. Saa moja baada ya kula umezitupa tu. Usizitafune, usizisukumie na chai ya moto, joto linaua vimeng'enya. Kwa mtu mzima dozi ya kuanzia mara nyingi ni kama uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo mkubwa, nusu yake kwa kitafunwa, inapandishwa na daktari kama choo bado kina mafuta. (Zinatengenezwa kwa kongosho la nguruwe, kama hilo linakusumbua kiimani sema mapema, si kuzificha kabatini.)

Mengine nayapitia haraka. "Nimeacha konyagi, nakunywa bia tu." Pombe ni pombe, kongosho halisomi lebo, na hata kama chanzo chako kilikuwa mawe ya nyongo bado acha. Sigara ndo hakuna anayeitaja kabisa, watu wanakata yai wanabaki na pakiti mfukoni, wakati sigara peke yake, bila hata pombe, inaharibu kongosho na kuharakisha makovu.

"Nimesafisha mawe kwa mafuta ya zeituni na ndimu, yametoka ya kijani." Hayo uliyoyaona ni sabuni, mafuta yameganda humohumo tumboni, mawe yako yapo palepale. Tena nyongo ikipata mafuta mengi kwa mpigo inabana, jiwe linaweza kusukumwa mpaka likazibe mfereji, na hapo ndo umejitengenezea shambulio lenyewe. Kama mawe ndo chanzo, ongea na mpasuaji, kifuko cha nyongo kikibaki unacheza kamari.

"Lipasi imerudi kawaida, nimepona." Kwenye ugonjwa sugu lipasi inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa sababu hakuna kongosho la kutosha la kuimwaga. Pima na sukari, kongosho hilohilo ndo linatoa insulini.

La mwisho linanitisha: maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, mtu anajikunja mbele ndo apate nafuu, na nyumbani wanasema vidonda vya tumbo, wanampa dawa ya gesi wanasubiri kukuche. Akitapika hata maji hayakai, akipata homa, macho yakiwa ya njano au akianza kuchanganyikiwa, hakuna mlo wa kutibu hiyo, mbebeni. Na msimlazimishe kula kitu kwanza "apate nguvu". Kama mnataka sana kufunga, fungeni hapo, njiani kwenda hospitali.