Mbawakawa wa luma: majina yake yote yanapotosha

Katika misitu ya kusini mwa Chile, na kwa majirani zao Argentina, yuko mbawakawa anayeng'aa kama sinia ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu: kichwa na kifua kijani, mgongo shaba inayoingia zambarau. Wataalamu humwita Cheloderus childreni.

Ukijua Kiingereza utadhani ni mdudu wa watoto. Wapi! Ni heshima kwa John George Children, Mwingereza wa British Museum, makumbusho ya London. Mtaalamu wa wanyama Gray ndiye aliyempa mdudu jina hilo mwaka 1832.

Dhana inayowanasa wengi ni ya rangi: eti gamba lina madini. Hakuna chuma wala shaba pale. Mbawakawa wa kumeta namna hii wana gamba la tabaka nyembamba mno zilizolaliana. Mwanga huakisiwa na kila tabaka, na baadhi ya rangi zake huungana na kupata nguvu huku nyingine zikififia. Umeshaona dizeli ikielea juu ya dimbwi barabarani? Kanuni ni hiyohiyo. Mgeuze mdudu kidogo chini ya taa uone mng'ao unavyohama. Ndiyo maana hata akishakufa na kuchomwa pini ndani ya sanduku la makumbusho, bado anawaka.

Sasa luma. Wachile humwita mbawakawa wa luma, basi mtu anahitimisha kuwa mabuu yake hula mti huo. Luma ni ndugu wa mkarafuu na mpera, na mbao zake ni ngumu hasa. Hata rungu la polisi wa Chile huitwa luma. (Ukisikia limepita mgongoni mwa mtu, si mti uliomwangukia.) Lakini mabuu yanajulikana kwa kutoboa miti ya Nothofagus, ile mirefu ya misitu ya baridi, kama coigüe. Yanaishi humo gizani, meupe, bila chembe ya mng'ao.

Na zile "pembe" ndefu kichwani mwake? Hazichomi, hazina sumu. Ni vipapasio, vya kunusia na kugusia.

Kwanza hata kumwita mbawakawa wa pembe ndefu kuna ubishi. Wataalamu wengi wamemtoa katika Cerambycidae, familia ya mbawakawa wa pembe ndefu, wakamweka katika Oxypeltidae, familia ya spishi 3 tu, zote za Chile na Argentina.