Waliokubeba Hawajui Kama Umepona

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Nakuru. Wagonjwa wangu wengi ni majeruhi wa barabara kuu ya kwenda Eldoret, kuanzia Ngata hadi Salgaa, Migaa na Sachangwan, na wengine ni wa boda boda za mitaani. Kabla hawajaniona mimi huwa wamepita kwa daktari wa mifupa, na wengi tayari wana chuma ndani ya mguu. Swali la kwanza ni moja siku zote: nitatembea lini? Nalijibu kadiri niwezavyo, halafu nami nauliza langu: ni nani aliyekutoa kwenye gari? Wengi hawajui.

Nauliza kwa sababu kazi yangu huanza kufanywa na watu wengine, kando ya lami, kabla sijasikia hata jina la mgonjwa. Chukua mfupa wa paja. Ukivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja lenyewe, bila tone kuonekana nje, na mwili wake wote una takriban lita tano tu. Kila mguu unapotikisika, ncha za mfupa huchoma nyama na mishipa. Anayetuliza mguu huo kwa banzi, au akaufunga na ule mzima kwa leso kwa kuwa hana kingine, anapunguza maumivu na uharibifu wa ndani. Mgongo ndio mzito zaidi. Pingili zikivunjika, huenda uti wenyewe, ule mkanda wa neva unaopita ndani yake, bado uko salama. Kumnyanyua majeruhi mmoja akishika mikono na mwingine miguu kunaweza kuumaliza. Mfupa huunga, lakini uti uliokatika hauungi hivyo. Ndiyo maana wahudumu wa ambulensi hushika kichwa kisicheze, wakamgeuza mtu kichwa, mgongo na nyonga kwa pamoja, ndipo wakamlaza kwenye machela. Kwa mtazamaji huonekana kama wanachelewa. Hawachelewi.

Sasa, nitatembea lini? Mfupa ukivunjika, damu huganda pale, kisha katika wiki chache hutokea tishu laini inayoshikanisha ncha mbili, na hiyo ndiyo hugeuka polepole kuwa mfupa mgumu. Muundi wa mtu mzima mara nyingi huchukua miezi minne hadi sita, na kwa mvutaji sigara huchelewa zaidi. Lakini misuli haisubiri. Huanza kunywea ndani ya siku chache za kulala kitandani, na goti lisilokunjwa hukakamaa kiasi kwamba baadaye linatutoa jasho sote wawili. Kwa hiyo nikimwambia mtu angali wodini asukume wayo chini na kuuvuta juu, au akaze paja huku mguu umelala, simwonei. Wayo ukisukumwa, shavu la mguu hupiga damu irudi juu, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa hupungua.

Hapa nawasihi jamaa wanaouguza nyumbani. Shavu la mguu likivimba, likawa na joto na kuuma, msilikande kwa maji moto wala mafuta ya aina yoyote. Huenda kuna bonge la damu, na likichomoka linaweza kwenda mapafuni. Mgonjwa akianza kuhema au kuchomwa kifuani, hilo si jambo la kungoja kliniki ya Jumatatu. Rudini hospitalini saa hiyo hiyo.

Kuna jeraha jingine ambalo picha ya eksirei haionyeshi. Honi ya trela inapigwa na mtu analowa jasho. Usiku haulaliki. Katika wiki za kwanza hali hiyo ni ya kawaida, ila ikipita mwezi na kumzuia mtu kuishi, namtuma kwa mshauri nasaha. Aliyegonga kichwa anaweza kukosa kabisa kumbukumbu ya ajali, na nimeona jinsi pengo hilo linavyosumbua: mtu hulijaza kwa dhana, mara nyingi mbaya kuliko yaliyotokea.

Wenye kumbukumbu hiyo wapo. Mhudumu wa ambulensi hukukabidhi mlangoni, akaandika hali yako, akaitwa kwingine. Mwendeshaji boda boda au mama anayeuza viazi kando ya barabara hunawa damu yako na kurudi kazini. Baada ya hapo hakuna anayewaambia kama uliishi. Wanabaki na sura yako ya siku ile tu. Mnamo 30 Juni 2023, lori lilipowavamia watu pale makutano ya Londiani na kuua zaidi ya 50, miongoni mwa waliokufa walikuwa wachuuzi na waendeshaji boda boda, watu wale wale ambao kwa kawaida ndio hutufikia kwanza. Siwezi kuwafikiria kama wapita njia.

Kwa hiyo, ukipata nguvu, watafute. Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, itakusaidia kwenye kituo cha polisi. Huduma ya ambulensi huweka rekodi za safari zake. Na stejini kuna mtu anayekumbuka. Si lazima ubebe kitu. Tanguliza simu au mjumbe, maana wapo wasiotaka kuirudia siku ile, na hilo liheshimiwe. Kama mlipoteza mtu katika ajali hiyo, usiende peke yako.

Mgonjwa akikubali, safari hiyo naiandika kwenye mpango wake wa mazoezi kama lengo halisi. Tunaigawa: kupanda ngazi ya matatu, kukaa kiti chembamba goti likiwa limekunjwa hadi kule aendako, kushuka kwenye changarawe kwa gongo moja, kisha kusimama muda wa kutosha kusalimiana na kila mmoja bila kutafuta pa kukaa.