Namba kwenye Upinde wa Mtumba Si Mwaka Ulipotengenezwa
Wengi wanaopata upinde wa zamani wa Kimarekani huamini kwamba namba 45 au 62 iliyoandikwa karibu na kishikio ni mwaka ulipotengenezwa. Dhana hiyo inaeleweka. Lakini kwa kawaida 45# kando ya 28" humaanisha kwamba nguvu ya kuuvuta hufikia pauni 45, takriban kilo 20, upote (kamba ya upinde) ukivutwa inchi 28, na 62" ni urefu wake. Urefu huo unaweza kuuhakiki kwa utepe wa kupimia, ukifuata mkunjo kutoka ncha hadi ncha upote ukiwa umevuliwa. Umri hudokezwa zaidi na malighafi: pinde za tabaka za mbao na fibaglasi zilienea miaka ya 1950. Kagua nyufa kabla ya kuuvuta, na kamwe usiachie upote bila mshale.