Sonona: “Nikisema, watanipeleka Mirembe”

Dhana: Ukitaja matatizo ya akili, unalazwa.

Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja, hospitali za magonjwa ya akili, yamekuwa majina ya kutishia watu. Wagonjwa wengi wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda) hutibiwa wakitokea nyumbani. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukiishia kusema “kichwa kinauma, mwili hauna nguvu”, utapimwa malaria na kurudi na panadoli. Eleza unalala na kuamka saa ngapi, unakula vipi, mambo uliyoyapenda kama bado yana ladha, na hali hiyo ina wiki ngapi. Ikiwa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, itajwe hivyo hivyo.

Dhana: Dawa hazisaidii, tena zinaleta uteja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na inauma kwa sababu inazuilika. Dawa za sonona kama fluoxetine na amitriptyline huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, lakini maudhi yake huanza siku za mwanzo: kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi mzito. Basi wiki ya pili mgonjwa ana maudhi, nafuu bado, anatupa vidonge. Rudi kwa daktari kabla hujaacha. Nafuu ikija, dawa huendelea kwa miezi kadhaa, mara nyingi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole. Yenye uteja ni diazepam, ile watu wanayojinunulia duka la dawa ili wapate usingizi.

Dhana: Kwenda hospitali ni upungufu wa imani.

Dua na dawa havigombani. Anayefunga Ramadhani amwambie daktari mapema. Dawa ya mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku.

Dhana: Ukimuuliza mtu kuhusu kujiua, unampa wazo.

Humpi. Wengi hupumua wakiulizwa. Kaeni faragha, uliza waziwazi: “Umefikiria kujiua?” Akikubali: “Umepanga utafanyaje, lini?” Usimkemee wala usimwapize. Asiachwe peke yake. Sumu za shambani na vidonge vyote viondolewe nyumbani, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Kenya, hofu ya kushtakiwa isiwacheleweshe: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba.